Jua la Chumba Kisicho na Dirisha

Shangazi Tokilupe alipiga simu Jumatano, na kama kawaida yake hakuwa na salamu ndefu.

"Meleane, baba yako hataki tena chakula. Anakuulizia wewe tu. Njoo."

"Nakuja, shangazi. Nimalize kipimo."

"Kipimo cha nini?"

"Cha jua."

"Loo! Jua limejaa tele hapa Ha'apai, bure, linatuchoma migongo. Wewe unalitafuta Sydney kwenye chumba kisicho hata na dirisha?"

Profesa Meleane Vaipulu alicheka, maana ndivyo walivyozoeana, kisha akakata simu, akarudi kwenye kipimo chake.

Kweli chumba hakikuwa na dirisha. Watu wa mwanga hufanya kazi gizani, wana taa yao ya kuiga jua. Chini ya taa ile kulikuwa na kipande cha sola kidogo kuliko ukucha, na ndani yake miaka ishirini ya maisha yake pamoja na ndoa iliyomfia mkononi. Kwa kuugeuza mwanga kuwa umeme, hakuna cha aina yake kilichowahi kukifikia. Lakini sharti kimulikwe bila kukatizwa mpaka nguvu yake itulie. Ukizima taa, unaanza upya. Na vipande vya aina ile huharibika upesi kama samaki.

"Nenda kwenu bwana," alisema Declan, mwenzake wa maabara. "Nitakiangalia mimi."

"Wewe? Uliyeunguza kile cha mwaka jana?"

"Basi na hiki kiungue! Baba ni mmoja."

Hakwenda. Tuseme ukweli, hakumwamini mtu. Alipiga hesabu zake: Jumamosi mchana ndege ya Tonga, alale Nuku'alofa, mji mkuu, asubuhi akate tiketi ya ndege ndogo ya visiwa vya Ha'apai palepale uwanjani, na kabla ya chakula cha mchana awe mkekani kwa baba.

Jumamosi asubuhi nguvu ikatulia. Rekodi! Declan alipiga kelele, akamkumbatia. Meleane alilia, akabeba begi, akaondoka.

Kesho yake, kwenye nyumba ya wageni, alimkuta mama mwenye nyumba amekwisha kuvaa, mkeka wa heshima amejifunga kiunoni juu ya gauni, Biblia kwapani.

"Naomba uniitie teksi, mama. Nawahi ndege ya Ha'apai."

Mama yule alimtazama kwanza suruali, kisha uso. "Wewe si wa hapa?"

"Wa hapahapa."

"Basi imekuwaje? Leo Jumapili."

Jamani! Mtoto wa mzee wa kanisa, aliyechapwa kwa kuogelea Jumapili! Siku hiyo Tonga nzima hufungwa, ndege hairuki, mashua haing'oi nanga, hata duka la mkate lina kufuli. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Lakini maabara haina Jumapili, na taratibu siku ile ilikuwa imemtoka kichwani.

Akampigia shangazi. "Niko Nuku'alofa."

"Haya, mwanangu. Nitamwambia."

Meleane hakumweleza kwamba alikuwa ameisahau Jumapili. Alishinda kitandani akisikiliza nyimbo za kanisa hili na lile, akijilaani. Jioni simu ikalia. Baba amefariki.

Jumatatu alifika amejifunga kiunoni mkeka wa msiba, mkuukuu uliochanika, akaketi miguuni mwa maiti, maana mtoto hasogelei kichwa cha baba yake. Shangazi alikuja na mkasi. Kwa desturi ya msiba, dada wa marehemu ndiye anayewakata nywele watoto wa marehemu.

"Aliniulizia?" Meleane alinong'ona.

"Asubuhi yote. Nikamwambia umeshafika Nuku'alofa, unasubiri Jumatatu." Shangazi alilishika fundo la nywele. "Alifurahi, mwanangu! Alisema, 'Mnaona? Miaka yote hiyo ugenini, na bado anaiheshimu Jumapili.' Baada ya hapo hakuuliza tena."

Meleane alifumbua kinywa amwambie ukweli, akakifumba. Akainamisha kichwa, shangazi akakata.