Kaisari kwa Herufi Ndogo

Kurasa za herufi K zilitakiwa ziende kuchapwa kiwandani Ijumaa. Jumatano asubuhi nilikuwa nimebakiwa na neno moja.

Katika kamusi yetu nilipewa maneno yaliyotokana na majina ya Kirumi. Si mengi. Volkano imetoka kwa Vulcanus, mungu wao wa moto. Julai ni Julius, Agosti ni Augustus. Kaisari lilianza kama jina la familia moja, Caesar, likageuka cheo. Maana ya kwanza niliiandika kwa dakika mbili: mtawala mkuu wa dola.

Maana ya pili ndiyo iliyonikwamisha. Maseremala huita kaisari ule upana wa kidole kimoja unaoachwa kwenye ubao wakati wa kukata, ili randa ipate cha kula. Neno hilo limetoka kwa baba yangu. Alikuwa msimamizi wa karakana, mkali, na wenzake walimbandika jina la Kaisari. Hakuna ubao uliokatwa mbele yake bila kidole hicho. "Mwachie Kaisari chake," walinong'onezana. Alipofariki, waliendelea kusema hivyo hadi nao wakafariki; vijana waliobaki wamerithi neno tu.

Nilitaka neno liingie. Sina sababu ya kuficha hilo, na ndiyo maana sheria ya ofisi yetu haikuniruhusu kuwa shahidi wa matumizi yake.

"Mashahidi watatu," alisema mhariri mkuu, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Koma. "Unao wawili."

"Watatu, nikijihesabu."

"Wewe ni binti wa neno, hujihesabu. Tafuta karakana ambayo marehemu hakuikanyaga. Na usimlishe mtu neno mdomoni."

Nilikwenda upande wa pili wa mji, kwa watengenezaji wa fremu za madirisha. Fundi alikuwa na penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Nilimwonyesha ubao uliokatwa nje kidogo ya mstari wa penseli.

"Hapa katikati, kati ya mstari na ukingo, mnapaitaje?"

"Hapo? Ziada."

"Ziada tu?"

"Sasa shangazi, ulitaka nipaite bwana harusi?"

Niliandika "ziada", kwa mwandiko uleule ninaoandikia maneno mengine. Jibu ni jibu. Nikafunga daftari, nikamshukuru.

Nilikuwa nimefika mlangoni nilipomsikia akimfokea mwenzake, mwanamke aliyekuwa kwenye mashine ya randa.

"We dada! Umekula kaisari yote! Hiyo fremu itacheza ukutani kama jino bovu!"

"Kaisari gani? Umeniachia kiduchu kama subira yako, halafu unanipigia kelele!"

Nilirudi, nikaandika sentensi zote mbili na tarehe. Baada ya hapo tu ndipo nilipouliza kwa nini wanaiita kaisari.

"Si yule mfalme wa Kirumi?" alisema fundi. "Alikuwa hatosheki."

"Mwongo huyo," alisema mwanamke. "Ni aina ya randa ya zamani, ilikuwa inakula sana."

"Hakuna fundi aliyewahi kuitwa hivyo?"

Walitazamana, wakacheka.

"Fundi aitwe Kaisari?" alisema mwanamke. "Angepiga randa huku kavaa taji?"

Alhamisi nilimpelekea Mama Koma kadi ya neno. Aliisoma taratibu, akaweka alama pembeni mwa shahidi wa tatu.

"Limeingia," alisema. Kidole chake kilishuka mstari mmoja. "Asili: jina la utani la msimamizi wa karakana. Nani anathibitisha?"

"Mimi."

Alinirudishia kadi pamoja na kalamu.

Nilijua ukweli wa jambo lile kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai, na nilijua pia kwamba kama kadi hiyo ingeletwa na mhariri mwingine, kuhusu baba yake, ningeikataa. Nilikata mstari ule. Mahali pake nikaandika: asili haijathibitishwa.

Nilipoisoma tena kadi kabla ya kuirudisha, niliona kosa kwenye mfano wa matumizi. Kwa mazoea ya nyumbani nilikuwa nimeandika: Umekula Kaisari yote. Nikaifuta K kubwa, nikaweka ndogo.