Mama wa Kwenda Naye Uwanjani

"Rukia, kwani huyu mtoto ni wako au wa Mishi?"

Dilnaz wa dukani hakuuliza kwa ubaya. Walikuwa sebuleni kwake, Kondoa mjini, wanawake wa mtaa wamejaa mkekani mbele ya televisheni. Mechi ya kwanza ya mwaka ilikuwa imekwisha, timu ya taifa ya wanawake imeshinda. Mtangazaji alimsogezea Batuli kipaza sauti, na Batuli, jasho likimtiririka, akasema anamsalimu mama yake, Bi Mishi. Wanawake wakampigia Mishi vigelegele. Rukia naye akapiga, ulimi mkavu.

"Ni wetu," alijibu, akakaza ushungi ambao haukuwa umelegea.

Batuli alitoka tumboni mwa Rukia. Lakini katika nyumba ya marehemu Abubakari, mume wa Mishi na Rukia, ilikuwa desturi: mke mkubwa akikosa mtoto, binti wa kwanza wa mke mdogo huachishwa ziwa akahamia chumba cha mkubwa. Rukia alikubali. Alikuwa bado msichana, na mumewe alimwambia Mungu atampa wengine. Mungu alimpa, wavulana watupu. Batuli akakua akimwita Mishi mama, na aliyemzaa akimwita mama mdogo.

Mwaka ule timu haikutulia. Leo wako Afrika Magharibi, mara wako Kaskazini kwenye baridi, mara kambini tena. Kila mechi Mishi aliisomea Yasini, na kila ikiisha, simu ililia chumbani kwake. Wajane wale wawili waliishi ua mmoja, ukuta wa udongo katikati ya vyumba vyao. Rukia alizoea kuchambua mlenda chini ya ukuta ule, hata siku ambazo hakukuwa na mlenda wa kuchambua. Akimsikia Mishi anacheka na simu, kifua kilimuwaka.

Siku Batuli alipokosa penalti ugenini na timu ikafungwa, Mishi alilia uani waziwazi. Rukia alimshika bega, akampa pole, na ndani yake kitu kikafurahi: leo huna cha kucheka. Kisha aliona haya mbele ya Mola wake, akaenda kutawadha upya.

Ikabaki mechi ya mwisho, Dar. Wachezaji waliambiwa kila mmoja aje na mama yake. Wangeingia naye uwanjani, wasimame pamoja wimbo wa taifa ukiimbwa. Mama mmoja tu. Batuli akaja Kondoa kumchukua wake, na mtaa mzima ukaanza kumtania Mishi kwamba asije akamkumbatia refa.

Rukia alichinjisha jogoo, akasonga ugali wa uwele, akamwita binti kabla hajala kwa Mishi. Batuli aliingia, akatoa shikamoo, akaketi ukingoni mwa kitanda, jezi mapajani.

"Mama," alianza, "kuna jambo nataka..."

"Nalijua." Rukia alikuwa ameyapika maneno yake wiki nzima, na sasa yalichemka yenyewe. "Umekuja kuniaga, uende naye. Nenda. Ila uende ukijua ziwa ulilonyonya ni hili. Yule tumbo lake ni jiwe. Mungu alimnyima yeye, akaja kunipokonya mimi. Angekuwa na haya, angenirudishia changu siku ile tulipotoka eda."

Batuli hakumtazama. Alikuwa anatazama mlangoni.

Mishi alisimama pale, mkononi ana baibui lake la Idi, limekunjwa vizuri, na viatu vya kufunika juu yake.

"Nilimwambia akuchukue wewe," alisema. "Hili nimekuletea uvae. Lako limefumuka kwapani." Akaviweka kitini, taratibu. "Tumbo ni jiwe, mwenzangu, hilo kweli. Masikio siyo."

Akageuka, akarudi kwake.

Hapo ndipo Rukia aliposikia kilichokwisha kusemwa: mtoto alikuwa amemwita mama, bila mdogo. Alilisubiri neno lile tangu alipomwachisha ziwa, na lilipokuja alilikatiza.

"Batuli, mwanangu," alisema, akavuta birika la kunawia. "Nawa mikono. Ugali unapoa."

Batuli aliikunja jezi, akaitia kwapani. Alivaa kandambili zake kizingitini, akatoka, akaelekea upande wa pili wa ukuta, kwa Mishi.