Kuvu Iliyokataa Kuota

Verna Hostetler alikuwa na kinyaa cha kuvu tangu utotoni. Kuvu ya rangi ya chungwa ndiyo iliyoivamia mikate ya baba yake kule Fresno. Asubuhi moja mzee alifungua kabati, akapiga ukelele: "Imeota!" Mwezi haukuisha, duka lake la mikate likafungwa. Sasa Verna ana miaka ishirini na sita, na kazi pekee aliyoipata ni kuilisha kuvu ileile katika chumba cha chini cha chuo. Kejeli gani hii!

Kila asubuhi aliingia kajiziba pua. Mirija ya kioo zaidi ya elfu, kila mmoja na manyoya yake ya rangi ya chungwa, na uvundo wa mkate uliolowa. Profesa Pruitt aliipiga kuvu eksirei ili kuharibu jeni zake. Kila kuvu iliyopigwa ikapewa namba na mirija miwili: mmoja wa chakula kamili, wenye vitamini zote, na pacha wake wa chakula cha kimaskini, karibu sukari na chumvi tupu. Miezi mitano, kote kuliota. Miezi mitano, Verna alichefuka.

Ijumaa hiyo, mrija wa kimaskini wa namba 611 ulikuwa safi kabisa. Verna alifurahi kwelikweli. Angalau moja imekufa! Akautupa na pacha wake kwenye pipa la uchafu wa kuchemshwa.

"Mia sita na kumi na moja iko wapi?" Profesa aliuliza aliposhuka.

"Imekufa. Nimeitupa."

"Na pacha wake?"

"Naye pia."

Profesa akaketi juu ya ndoo. "Binti, nimetafuta miezi mitano hiyo isiyoota!"

"Hukuniambia!"

"Nilikwambia ukiona ajabu uniite."

"Kwani usafi ni ajabu?"

"Humu ndani? Ndiyo!" Akashika kichwa. "Pacha wake aliota, sivyo? Basi haijafa, kuna kitu haiwezi kujitengenezea. Jeni moja ikiharibika, kimeng'enya kimoja kinakosekana. Huo ndio ushahidi wangu kwamba kila jeni huunda kimeng'enya chake. Jumanne wakubwa wa chuo wanakuja, nisipokuwa na ushahidi wanaifunga maabara. Wewe na mimi, nje."

Mwendesha mtambo wa kuchemshia uchafu angewasha mvuke saa sita. Verna alikunja mikono ya blauzi, akaitumbukiza pipani mpaka mabegani. Uji wa kuvu ulimteleza vidoleni, unga wake ukamwingia puani. Alijichukia, akamchukia Profesa, akaichukia kuvu kuliko wote. Saa sita kasoro dakika kumi aliutoa mrija usiovunjika wa namba 611, ule pacha wenye manyoya.

Wakaigawa katika mirija ya kimaskini, kila mmoja ukatiwa vitamini moja tu. Siku tatu Verna aliichungulia kwa hasira. "Ota, mshenzi wewe," aliiambia.

Jumanne asubuhi mirija yote ilikuwa mitupu, isipokuwa ule wa vitamini B6. Humo mlikuwa na manyoya ya rangi ya chungwa, yananuka vilevile. Verna alikimbilia sinki, akatapika. Kisha akapanda ngazi mbio, mdomo haujafutwa, akipiga ukelele wa baba yake:

"Imeota!"