Maua Kabla ya Filimbi

Nilianza kwa kuona soksi. Wachezaji wote hutupa soksi zao kapuni zikiwa zimegeuzwa, ndani nje, kama mtu anavyovua akiwa na haraka. Za Wiebke zilikuja hivyo miaka yote mitatu niliyokuwa nafulia timu yetu ya mpira ya wanawake. Halafu mwaka huu, mwezi wa pili, soksi yake ya kulia ikaanza kuja imejiviringisha kama pete nene. Siku moja nikachungulia chumba chao cha kuvalia nikaona sababu: alikuwa anaisukuma chini kwa kisigino cha mguu mwingine. Goti la kulia lilikuwa halikunjiki tena vizuri.

Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji. Shule niliiacha darasa la tano, kwetu Kosovo, na nilipofika huku Westfalia, Ujerumani, na mama, Kijerumani nilijifunza kwa kusikiliza watu. Kwenye chumba cha kufulia cha klabu mashine zinaunguruma kutwa, hakuna anayekuuliza kitu.

Isipokuwa Wiebke. Yeye aliniuliza nimekula nini, mama anaendeleaje. Wiebke Harmsen, kiungo mkabaji, umri miaka thelathini na tatu, misimu kumi na minne kwenye klabu hiyohiyo. Asubuhi alikuwa ofisi ya bima, saa kumi na moja jioni yuko mazoezini. Alianza mpira akiwa na miaka sita, na wavulana wa kijijini kwao, kwa sababu timu ya wasichana haikuwepo. Tulipopanda daraja la kwanza alikuwa nahodha. Tuliposhuka mwaka uliofuata, timu kubwa ilimwita, akakataa, akashuka nasi. Goti lilipasuliwa mara mbili. Timu ya taifa ilimwita mara mbili pia, na mara zote alikaa benchi mpaka filimbi ya mwisho.

"Hizo jezi mbili hazikuhitaji mfuaji," aliniambia. "Zilirudi nyumbani zinanukia duka."

Sasa alitaka msimu mmoja tu zaidi. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Tangu majira ya baridi, bwana Hölscher, mkurugenzi wa michezo, alikuwa anamwambia, "Tutazungumza."

Jumamosi moja, siku nane kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani, Bi Gudrun, meneja wa timu, aliingia na fremu kubwa ameikumbatia. Ndani kulikuwa na picha ya Wiebke akipiga mpira kwa kichwa, na chini yake mwaka wake wa kwanza klabuni na wa mwisho, yaani huu. Pembeni timu nzima imeandika majina. Klabuni kwetu ndivyo mchezaji anavyoagwa: kabla ya mechi anaitwa katikati ya uwanja, anapewa maua na picha, watu wanasimama. Picha lazima imshtukize, kwa hiyo hufichwa asiione mapema.

"Tunaiweka nyuma ya makatoni ya sabuni," alisema Bi Gudrun. "Na wewe andika jina lako hapa."

"Mimi?"

"Kwani wewe si wa timu? Andika, Bona. Halafu mdomo kufuli. Ukimwambia, nakutia kwenye mashine, nyuzi joto sitini."

Niliandika polepole, herufi zote: Valbona. Lilikaa chini ya jina la golikipa. Nilikuwa bado naliangalia pale mlango uliposukumwa. Bi Gudrun akatupia taulo juu ya fremu.

"Mnanificha nini nyie wawili?" Wiebke aliuliza.

"Chupi za kocha."

"Basi endeleeni kuficha, tafadhali."

Bi Gudrun akatoka akicheka. Wiebke akakaa juu ya kapu, mguu wa kulia ameunyoosha, akanipa viatu vipya vya njumu.

"Mdogo wangu, hivi vinanibana. Vijaze magazeti, uniwekee mpaka mwezi wa saba. Nitavivaa mazoezi ya kwanza."

Mwezi wa saba ndipo msimu mpya unapoanza. Nikalivuta lile taulo lifunike fremu vizuri.

"Umeshaongea na bwana Hölscher?"

"Bado, ana mambo mengi. Lakini wanaoachwa huitwa mapema ofisini. Jana wamemwita Nele, juzi Frederike. Mimi sijaitwa." Akasimama kwa kushika meza. "Hiyo dalili nzuri, au sio?"

Nikasema, "Labda." Ndilo neno nililopata.

Wiki nzima nilikuwa nalibeba jambo hilo: Wiebke hajui kuwa anaachwa. Wenzake walidhani anajua kuwa anaondoka, wakadhani anachofichwa ni picha tu, kwa hiyo hakuna aliyegusa habari hiyo mbele yake. Ylvi, binti wa miaka kumi na tisa anayecheza namba ileile, alimtania Jumanne pale korido:

"Bibi, pisha njia, viungo vyako vinalia kama mlango wa ghala."

"Nikipisha utaangukia pua, mtoto. Nani atakushika?"

Wakacheka wote. Alhamisi nilimfuata Bi Gudrun. Nikasema, "Wiebke, nadhani yeye…" Simu yake ikalia, mtu wa maua. Akaninyooshea kidole nisubiri. Nilisubiri dakika mbili tatu, kisha nikarudi kwenye taulo zangu.

Jumapili, saa nane kasoro dakika kumi. Watu mia tatu na kitu, kahawa mkononi, keki walizooka mama za wachezaji zikiuzwa dirishani. Mtangazaji akamwita Nele, akapewa maua. Akamwita Frederike. Halafu akasema, "Na misimu kumi na minne, namba sita wetu…"

Wiebke alikuwa anapiga makofi. Aliendelea kupiga hata baada ya jina lake kutajwa, mara mbili tatu hivi. Kisha akageuka nyuma, kama vile kuna Wiebke mwingine.

Nilimwona Bi Gudrun akiacha kutabasamu. Nilimwona bwana Hölscher akimwangalia kocha, na kocha akimwangalia yeye. Kila mmoja alikuwa amedhani mwenzake ameshamwambia.

Wiebke alitembea mpaka katikati. Akapokea maua, akampa Hölscher mkono, akainua picha juu watu waione. Alicheza dakika sabini na nne. Ylvi alipoingia badala yake, alimvuta shingo akamnong'oneza kitu, akatoka bila kukimbia.

Baada ya mechi hakwenda kuoga. Alikuja kwangu, maua akayatia kwenye ndoo, akakaa kapuni na ile picha mapajani. Alisoma majina moja moja. Kidole kikafika chini ya jina la golikipa, kikasimama.

"Una mwandiko mzuri, Bona," alisema.

Alikuwa amechoka mno, hata kukasirika hakuweza. Nilimpa barafu ya goti, nikaendelea kukunja taulo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Watu husema Bona ana aibu, na wewe labda ulijiambia hivyo. Wiebke, haikuwa aibu. Siku ile uliponipa viatu nilikuwa na neno mdomoni. Lakini ilikuwa mara ya kwanza nimeambiwa mimi ni wa timu, na niliogopa kwamba nikikwambia, watalifuta jina langu.