Cheche za Walio Nje

"Badilisha, Baba. Badilisha sasa."

Nikabadilisha, lakini nilikuwa nimechelewa, na jitu la mawe likanikanyaga kwa mara nyingine. Kidoti, binti yangu, akaguna. Tulikuwa karakanani kwangu, yeye amekaa juu ya jokofu bovu nililolilaza, mimi juu ya ndoo, simu yake imepotea katika vidole vyangu vilivyozoea bisibisi.

Ilikuwa Jumamosi, siku yangu. Tangu mama yake aolewe na mwalimu, Kidoti alikuwa wangu Jumamosi tu, asubuhi hadi alasiri, na kwa ajili ya saa hizo ningejifunza hata kusuka nywele kama angetaka. Alitaka gemu. Basi nikajifunza gemu, na likanitoa jasho.

Wapiganaji walikuwa wanne, lakini uwanjani anasimama mmoja tu. Wengine wanangoja nje mpaka uwaguse. Kila mmoja ana kiduara chake, na kikijaa nguvu ndipo anapoachia pigo kubwa. Mpaka hapo nilikwenda sawa. Kilichonishinda ni namna ya kukijaza. Mimi ni fundi wa majokofu: ukishaunganisha mtungi wa gesi, huuchomoi mpaka gesi itoshe. Kwa hiyo nilimng'ang'ania yule wa upinde, nikapiga naye, nikapiga, nikingoja kiduara chake kijae, mpaka akanifia mikononi.

"Akipiga zinatoka cheche, ndizo zinazojaza kiduara," Kidoti alieleza. "Cheche zinamfuata aliye uwanjani. Kwa hiyo wa upinde anapiga, unamtoa haraka, unamwingiza dada wa upanga azidake."

"Si aliyepiga ndiye mwenye haki nazo?"

"Nani kakwambia habari za haki? Dada wa upanga ndiye mwenye pigo kubwa."

Nikacheka, ila kichwa kilikuwa kimevurugika. Mtu atoke jasho, halafu mwingine aingie tu na kuvuna? Nilijaribu tena. Nilikuwa namtoa wa upinde pale Kidoti aliposema, huku akitazama ukutani: "Mwalimu kahamishwa. Tunahama naye shule zikifungwa."

Akautaja mji. Ni mbali, si mahali pa kwenda na kurudi Jumamosi. Dole gumba langu likaendelea kubonyeza, sijui lilibonyeza nini. Leo Kidoti mwenyewe ni mama wa mtu, na sidhani kama gemu lile analikumbuka. Mimi nakumbuka hadi doa la grisi lililokuwa kwenye sketi yake. Niliumia. Nilitaka kumuuliza kama mama yake ndiye aliyemtuma aniambie, na kama ameshaanza kumwita yule mwalimu baba. Nikauliza jambo jingine kabisa.

"Na hawa walio nje, cheche haziwafikii?"

Alifikiri kidogo. "Zinawafikia. Pungufu tu, lakini zinawafikia."

"Hata kama hawajamgusa adui?"

"Hata kama. Mradi wamo kikosini."

Nikapiga na wa upinde, nikamtoa, dada wa upanga akadaka, akaachia pigo lake, na jitu la mawe likaporomoka. Mpaka leo sijui nilifanyaje. Kidoti akanipiga ngumi ya begani, na kwa muda kidogo hakuna aliyekuwa anahama.

Kisha gari la mwalimu likapiga honi nje. Kidoti akainuka, akavaa begi lake la mgongoni, akanyoosha mkono nimpe simu.

"Umeelewa sasa?"

Nilikuwa nimeelewa kila kitu.

"Bado," nikasema. "Nieleze tena."

Alisimama akinitazama. Honi ikalia mara ya pili. Akavua begi, akaliweka sakafuni, akarudi kukaa juu ya jokofu.

"Haya, Baba," akasema. "Wako wanne."