Mishumaa ya Osobowice

Kila Siku ya Watakatifu Wote, Wrocław nzima hubeba mishumaa na maua kwenda makaburini, lakini mama yangu alikuwa akibaki nyumbani akimenya viazi. Kaburi la baba liko Lwów, mji tulikotoka, ambao sasa uko ng'ambo ya mpaka mpya. Tangu treni ituteremshe hapa baada ya vita, mama alikuwa hajapata ruhusa ya kurudi huko hata kwa siku moja.

Hakuupenda mji huu wala hakuuchukia. Aliishi humo kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Kioo cha jikoni kilichopasuka alikiziba kwa gazeti, akisema mwenye nyumba, Mjerumani aliyefukuzwa baada ya vita, atarudi akitengeneze mwenyewe. Mimi nilikwisha kuupenda mji. Nilikuwa nimehitimu masomo ya ujenzi kiangazi kile, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima nyumba zilizobomoka kando ya mto Odra ili zijengwe upya. Jioni nilimsimulia kuhusu madaraja, na kanisa kuu lililopoteza ncha za minara yake, na jinsi vivuli vya matofali mekundu vinavyotetemeka majini. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama nazikumbuka ngazi za nyumba yetu ya Lwów. Sikuzikumbuka. Nilimwona akigeuza uso.

Mwaka ule nilimsihi twende makaburi ya Osobowice, kwenye msalaba mkubwa ambapo wenye wafu wa mbali huwasha mishumaa yao. Jirani yetu Hilary, dereva wa tramu kule Lwów na sasa hapa, alinisaidia. Alimwambia mama kwamba Antoni, marehemu mumewe, alichelewa kila mahali maisha yake yote, kwa hiyo hatashangaa kuwashiwa mshumaa kwa kuchelewa. Mama alicheka kidogo, akavaa koti.

Msalabani hapakuwa na pa kuweka hata kidole. Mama alijipenyeza, akawasha mshumaa, na upepo wa mtoni ukauzima. Akawasha tena, ukazimika tena. Akatoka na mshumaa wake mkononi, nami nikajua kwamba akirudi nyumbani sasa, hatatoka tena mwaka wowote.

Lakini hakuelekea langoni. Alisimama mbele ya kaburi la zamani lililomezwa na magugu, lenye maandishi ya Kijerumani. Akapiga magoti, akaanza kuondoa majani.

"Dada Leokadia," Hilary alisema, "baada ya machozi yote waliyotusababishia, unamwashia Mjerumani?"

"Namwashia mtu asiye na wa kumwashia." Hakuinua kichwa. "Nyumba yangu ya Lwów sasa ina mwanamke mgeni ndani yake, Hilary. Sijui kama anapita makaburini. Jina la Antoni hata hawezi kulisoma, herufi zetu si zake, yeye anasoma za Kirusi. Nitamwombaje asimame pale, kama mimi nampita huyu?"

Hilary alisogea karibu. Alifungua koti lake, akachuchumaa, akaukinga mshumaa na upepo mpaka ukashika.

"Mwanangu, wewe umesoma," mama aliniambia. "Anaitwa nani?"

Nilifuta kuvu kwenye jiwe. Dorothea Hensel, nikasema.

Alijaribu kulitamka jina, likamkwama mdomoni. Akaniomba nilirudie polepole, na tena, mpaka alipoweza kulitamka mwenyewe.