Kichupa Namba Kumi na Tisa

Uvumi ulianzia kwenye saluni yake mwenyewe, na msusi akashindwa kuutoa kichwani: kwamba hospitalini, kwenye chumba cha utafiti, nywele za wanawake wenye upara wa utosini zinaota ndani ya vichupa.

"Za binti yako zimeshafika sakafuni," mteja alimwambia. "Nenda ukazione, dada."

Binti alikuwa na miaka ishirini na saba na utosi unaong'aa kama kisahani. Zahanati tatu zilisema ni fangasi. Ya nne ilimpeleka kwa daktari mtafiti, aliyemkata kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mchele, akakitia kwenye kichupa ili akijaribie dawa mpya.

Alhamisi asubuhi msusi alifunga saluni akaenda. Kutoka kichupa namba kumi na tisa nywele zilishuka nyeusi, nzito, zikapita chini ya meza hadi mlangoni. Karani aliziruka akipeleka chai.

"Ndizo," msusi alisema baada ya kuzishika.

"Dawa inafanya kazi, mama," daktari alisema. "Kwenye kichupa."

"Na kichwani?"

"Kichwani pana kovu. Vitundu vya nywele vimeziba. Angekuja mapema, ilipoanza kuwasha..."

"Alisema inawasha. Alikuwa na miaka tisa. Nikamwambia dawa ya kulainisha nywele ikiwasha ndiyo inakolea."

Daktari aliandika hilo kwenye fomu. Palikuwa na nafasi yake.

"Basi nimpelekee hizi."

"Ni mali ya utafiti. Lakini zinatusumbua. Ukiweza kuja kuzisuka, njoo."

Sasa huenda kila Alhamisi. Husuka kwa mkono mlegevu ambao hajawahi kumsukia mtu. Siku moja alijisahau akavuta, na kichupa kikasema kwa sauti ya mtoto, "Mama, inauma." Akalegeza. Karani akamsogezea kiti.

Nyumbani binti hufunga kitambaa kabla ya kufungua mlango, hata kwa mama yake.

Msusi amebandika karatasi kwenye kioo cha saluni. Wateja huisoma, kisha humwambia, "Kaza, mama, zikae mwezi mzima."

Usikaze mpaka nyusi zipande.
Usipake dawa ya kulainisha nywele juu ya kidonda wala muwasho.
Usifiche upara kwa nywele za kubandika na gundi.
Usikubali kuambiwa fangasi mara tatu bila kupimwa.
Mtoto akisema inauma, usimwambie avumilie.